Mkanda Mmoja, Fremu 36

Zamani hizo Uingereza, ukinunua mkanda wa Kodachrome, filamu ya rangi ya Kodak, dukani ulikuwa umeshalipia na kusafishwa kwake. Ndani ya kiboksi mlikuwa na bahasha. Ukimaliza kupiga, unautia mkanda mle, unaupeleka posta uende kwa Kodak kule Hemel Hempstead, kisha unakaa kungoja. Siku zikipita, tarishi anakuletea slaidi zako 36 zimepangwa kibokisini, au 37 kama ulikuwa mbahili uliyeanza kupiga kwenye ncha kabisa ya filamu. Kila moja imeshatiwa kwenye kadi yake ya sentimita tano kwa tano, na kadi imepigwa nambari ya fremu, yaani ni picha ya ngapi kwenye mkanda.

Nambari hizo za fremu ndizo zilizonitia wazimu. Mimi ni mtu wa Mombasa ninayeishi kaskazini mwa Uingereza, na ninachokusanya ni slaidi za vichwa vya treni vya dizeli vya reli za huku, hasa vya kati ya 1958 na 1982. Binamu yangu aliniuliza kwa simu, “Yaani wanunua picha za magari-moshi ya wazungu, tena zilizopigwa na watu wasiokujua wala usiowajua?” Nikamwambia ndiyo, na tena huwa nazigombea mnadani. Alicheka mpaka akakata simu. Basi haya nayaandika kwa ajili yake na wenziwe, wapate kujua ni nini hasa ninachogombea.

Aliyezoea picha za karatasi huenda asione tofauti. Picha ya karatasi ina negativu yake mahali fulani. Ikipotea, inachapishwa nyingine. Slaidi haina kitu nyuma yake. Kipande hiki cha filamu, milimita 24 kwa 36, ndicho kilekile kilichokuwa ndani ya kamera siku ile pembeni mwa reli. Mwanga uliogonga pua ya kile kichwa cha treni ukapita kwenye lenzi na kutua juu ya kipande hikihiki ninachokishika kwa ncha za vidole. Kilisafishwa, kikakatwa, kikatiwa kadi, basi. Kwa hiyo mwenye slaidi akitaka pesa hana budi kutoa kitu chenyewe, na kazi ya maisha mazima ya mtu inaweza kusambaa nchi nzima ndani ya wiki moja.

Na ndivyo inavyosambaa. Waliokuwa vijana wa shule miaka ya hamsini na sitini, wakisimama mwisho wa jukwaa la stesheni na daftari la kuandikia nambari za treni, sasa wanaondoka mmoja baada ya mwingine. Watoto wao wanakuta kabati limejaa viboksi na hawajui pa kuvipeleka. Anakuja mfanyabiashara, anachukua vyote kwa bei ya jumla, halafu anazitoa slaidi moja moja na kuzitia kwenye mnada wa mtandaoni: hii ya Deltic peke yake, hii ya Western peke yake (zote ni aina za dizeli), hii ya mabehewa matupu haina mteja, itupwe. Sisemi anavunja sheria. Nasema anauza kurasa za daftari la mtu moja moja, na baada ya hapo hakuna atakayelisoma tena.

Kuna bei za kushangaza, na mtu anayeanza hufikiri treni maarufu ndiyo ghali. Sivyo. Deltic ndiyo inayopendwa kuliko dizeli zote za Uingereza, na haki yake. Zilikuwa 22 tu, zilizotengenezwa na English Electric mwaka 1961 na 1962, kila moja na injini mbili za Napier ambazo asili yake ni boti za kivita ziendazo kasi. Silinda 18 kwa kila injini, zimepangwa pembetatu, pistoni mbili ndani ya kila silinda zikikutana uso kwa uso. Jumla yake ni nguvu farasi 3,300, na maili 100 kwa saa kati ya King's Cross, London, na Edinburgh. Lakini kwa sababu zilipendwa, zilipigwa picha kupita kiasi, hasa miaka ya mwisho mwisho kabla hazijaondolewa njiani Januari 1982. Slaidi nzuri ya Deltic ya 1980 unaweza kuipata kwa pauni chache, ukabaki na chenji ya chai.

Ghali ni zile ambazo hakuna aliyezijali. Mwaka 1955 reli za Uingereza zilitangaza mpango mkubwa wa kujisasisha, wa pauni milioni 1,240, na katika mpango huo wakaagiza vichwa 174 vya dizeli vya majaribio kutoka kwa watengenezaji mbalimbali, ili waone kipi kitafaa. Kabla ya majaribio kuisha vizuri wakawa wameshaagiza vingi zaidi, kwa pupa tu. Vingine vilikuwa mkosi. Kulikuwa na Metropolitan-Vickers 20 zenye injini za Crossley na umbo la ajabu: magurudumu ya ekseli tatu kwenye ncha moja na mbili kwenye ncha ya pili. Hazikudumu kazini zaidi ya miaka kumi hivi, na leo imebaki moja tu, D5705. Kulikuwa na zile Warship tano za kwanza, D600 mpaka D604, zilizotoka kiwanda cha North British kule Glasgow. Hakuna hata moja iliyobaki, na kiwanda chenyewe kilifilisika 1962. Kulikuwa na “Baby Deltic” kumi. Hizo nazo zilikwenda zote kwenye vyuma chakavu.

Sasa fikiria mpiga picha wa 1960. Ana mkanda mmoja wa rangi, ghali, fremu 36. Mbele yake kuna injini ya mvuke inayotoa moshi mweupe, ambayo anajua siku zake zinahesabika. Nyuma yake kuna dizeli mpya ya kijani inayonguruma. Atapiga ipi? Wengi waligeuka hata wasiitazame ile dizeli, wengine waliichukia waziwazi kwa sababu ndiyo iliyokuja kumuua mpenzi wao. Kisha tarehe 11 Agosti 1968 ilipopita treni ya mwisho ya mvuke ya British Rail, shirika la reli la huku, kutoka Liverpool kwenda Carlisle na kurudi, nauli gini 15 (pauni 15 na shilingi 15), wengi waliweka kamera chini na hawakuzishika tena kwa miaka. Ndiyo maana dizeli ya kijani kwa rangi, ikiwa kazini, kwenye mwanga mzuri, ni adimu, na slaidi ya aina hiyo huweza kupanda hadi pauni makumi. Nimeacha nyingi zikapita. Mke wangu ana daftari lake la hesabu za nyumba, na nimekubali kwamba lina nguvu kuliko langu.

Kodachrome yenyewe ilikuwa na tabia zake. Iliyoingia sokoni 1961, Kodachrome II, ilikuwa na kasi ya 25 tu, yaani wepesi wa filamu kupokea mwanga: nambari ikiwa ndogo, inataka mwanga mwingi. Ya kabla yake ilikuwa 10. Anayepiga kwa simu siku hizi hawezi kujua maana yake. Maana yake ni kwamba katika jua kali la kweli, lisilo na wingu, ungeweza kupiga kwa 1/250 ya sekunde na lenzi ikiwa imefunguliwa f/5.6 hivi. Lakini hii ni Uingereza. Jua kali la kweli halina ahadi na mtu. Treni inayokwenda maili 100 kwa saa husogea karibu sentimita 18 ndani ya hiyo 1/250, kwa hiyo ukiipiga kutoka ubavuni, nambari yake itakuwa mstari tu. Wakawa wanapiga treni zilizosimama: stesheni, karakana, Jumapili kwenye dipo vichwa vikiwa vimelala. Au wanapiga kutoka mbele kidogo pembeni, jua likiwa mgongoni kwao, ambapo mwendo hauonekani sana kwenye filamu. Watu huona slaidi za miaka hiyo wakasema wapiga picha hawakuwa na ubunifu. Ubunifu wao ulifungwa kamba na ile 25.

Kwa upande mwingine, Kodachrome haifi. Filamu nyingi za slaidi hubeba ndani yake kemikali za kutengenezea rangi, na mabaki ya kemikali hizo yanabaki humo yakiitafuna picha taratibu. Kodachrome haikuwa nazo. Rangi ilitiwa wakati wa kusafisha, kazi ngumu iliyohitaji mitambo mikubwa, na ndiyo sababu hukuweza kuisafisha chumbani kwako. Ikiwekwa gizani mahali pakavu, slaidi ya 1962 inatoka ikiwa na bluu yake, kijani chake na njano yake. Uiweke kwenye projekta masaa na masaa, hapo ndipo inapopauka, tena haraka kuliko nyingine. Ektachrome za zamani, filamu nyingine ya slaidi ya Kodak, ni kinyume: hata gizani zinageuka nyekundu. Nina slaidi za Ektachrome ambazo kichwa cha treni cha kijani kimekuwa rangi ya chai ya maziwa na anga limekuwa la waridi. Kwenye kompyuta unaweza kurudisha rangi kiasi, lakini kilichokwisha ondoka kwenye filamu kimeondoka. Maabara ya mwisho duniani kusafisha Kodachrome, Dwayne's Photo ya Parsons, Kansas, iliacha kupokea mikanda tarehe 30 Desemba 2010. Ukimkuta mtu na mkanda ambao haujasafishwa, mpe pole.

Kodachrome ina alama yake nyingine ambayo wauzaji hawaipendi. Ukiiinamisha slaidi chini ya taa, upande wenye rangi unaona picha imeinuka kidogo, kama iliyochongwa juu juu. Ndivyo ninavyotambua asili na nakala. Zamani kulikuwa na biashara kubwa ya kunakili slaidi: mtu anapiga picha nzuri, anatengeneza nakala mia, anawauzia wapenzi wa reli kwa posta. Hakuna ubaya, ila siku hizi nakala hizo zinauzwa kwa jina la asili. Nakala huwa na vivuli vyeusi tii, na ukali wa picha umelegea. Kitu kinachonifurahisha zaidi ni vumbi. Utaona unywele juu ya paa la kichwa cha treni, utaupuliza, utaupangusa kwa brashi, hautoki. Hautoki kwa sababu haupo. Ulikuwa juu ya slaidi nyingine, mezani kwa mtu mwingine, siku ile nakala ilipopigwa.

Nakuja kwenye kusoma, maana hapo ndipo utamu ulipo. Wengi walioandika kwenye kadi waliandika kifupi: nambari ya kichwa, herufi za stesheni, pengine mwaka. Wengi zaidi hawakuandika kitu. Slaidi isiyo na maandishi si bubu, lakini lazima ujue pa kutazama. Kwanza rangi: kijani ni ya mwanzo; kiraka kidogo cha njano usoni kilianza mapema miaka ya sitini ili wafanyakazi wa njia waione treni inakuja, kwa kuwa dizeli haina moshi wa kuonekana mbali; uso mzima wa njano ulifuata baadaye; bluu ya British Rail ikaanza kuenea kuanzia katikati ya miaka ya sitini. Halafu nambari. Dizeli zilikuwa na herufi D mbele, D9009 kwa mfano. Mvuke ulipoisha 1968 ile D haikuhitajika tena, ikaanza kufutwa. Halafu ukaja mfumo wa kompyuta, na mwaka 1973 na 1974 karibu zote zikapewa nambari mpya: D9009 ikawa 55 009. Kwa hiyo ukiona kichwa cha bluu, uso wote njano, nambari ya zamani lakini D haipo, umeshajua uko kati ya 1968 na 1974 kabla hujasoma kitu kingine.

Halafu kuna ule msimbo wa safari. Dizeli nyingi zilikuwa na kidirisha usoni chenye tarakimu, herufi, na tarakimu mbili, vikizungushwa kwa mkono. Tarakimu ya kwanza ni aina ya treni, 1 ikiwa ni ekspresi. Herufi ni eneo inakokwenda, S ikiwa Scotland. Ukiwa na ratiba ya zamani ya wafanyakazi, msimbo mmoja unakupa treni yenyewe, na kivuli chini ya magurudumu kinakupa saa. Januari 1976 waliacha kuitumia misimbo hii. Baada ya hapo utaona sifuri nne, au nukta mbili nyeupe, na msomaji wa slaidi amenyang'anywa nusu ya ushahidi wake. Isipokuwa Western. Hizi zilikuwa 74, dizeli zilizopeleka nguvu magurudumuni kwa msukumo wa mafuta ya mashine badala ya umeme, na nambari zake zilikuwa za chuma cha kuyeyushwa kilichopigiliwa ubavuni, kwa hiyo hazikubadilishwa hata siku moja. Zimekufa na D yake. Misimbo ilipofutwa, wafanyakazi wakaanza kuviandika vidirisha vyake kwa nambari ya kichwa chenyewe, 1023 na kadhalika. Ukitazama kwa kioo cha kukuzia utaona ile sifuri ni herufi O, maana nafasi ya pili ilikuwa na herufi tu. Ilikuwa mwaka mmoja na ushei tu, mpaka zilipoondolewa Februari 1977, na slaidi za mwaka huo ni nyingi kama mchanga.

Watu huniuliza kama kuna uhusiano wowote na kwetu, na kwa kweli uhusiano upo, tena mzito. Deltic zilitengenezwa Vulcan Foundry, kiwanda cha English Electric kwenye mji wa Newton-le-Willows, kati ya Liverpool na Manchester. Karibu wakati uleule, kuanzia 1960, kiwanda hichohicho kilikuwa kikitengeneza dizeli za East African Railways, daraja la 90, ambalo baadaye Kenya liliitwa 87. Injini yake ilikuwa ya silinda 12 ya English Electric, ya ukoo mmoja na ile ya Class 37 ya Uingereza. Class 37 zilikuwa 309, na baadhi bado zinafanya kazi leo, zaidi ya miaka 60 baadaye. Yaani mlio uliokuwa ukisikika usiku treni ikipanda kutoka pwani kwenda Voi ni ndugu wa mlio ninaousikia siku za maonyesho ya reli huku. Nilipousikia mara ya kwanza kwenye reli ya wapenzi wa treni nilijua nimeshausikia, sikujua wapi.

Na kutojali kwetu ni kulekule. Katika viboksi vya Waingereza waliofanya kazi Afrika Mashariki hukosi slaidi za Garratt, zile injini kubwa za mvuke za daraja la 59 zilizopewa majina ya milima. Mount Gelai, nambari 5918, iko mpaka leo kwenye makumbusho ya reli Nairobi. Kila mgeni aliipiga Garratt kutoka mbele, kutoka nyuma, ikiwa inatiwa maji. Dizeli ya daraja la 90 imesimama hapohapo pembeni, nusu yake imekatwa na ukingo wa fremu. Nimenunua slaidi kwa ajili ya hiyo nusu. Muuzaji aliyeniuzia alidhani nimependa Garratt, akanisifia jicho.

Sasa turudi kwenye nambari za fremu, maana nimezunguka sana.

Kwenye gulio moja la vitu vya reli nilikuta trei ya slaidi zilizochanganywa, na kati yake kulikuwa na kadhaa zenye mwandiko mmoja: penseli, herufi kubwa ndogondogo zilizonyooka, kila moja na “7/75”. Sikuzipenda sana kwa picha zenyewe. Moja ilikuwa Deltic Alycidon, 55 009, imesimama York chini ya lile paa lililopinda, jua likipenya kwenye vioo na kuchora mistari ubavuni mwake. Nzuri, lakini ya kawaida. Nilipozigeuza nikaona nambari za fremu: 8, 11, 12, 17. Nikazipanga mezani kwa mfuatano. Kwenye 8 vivuli ni virefu, na mahali ni Doncaster. 11 na 12 ni York. 17 ni Newcastle, imepigwa kutoka juu ya mnara wa ngome ya zamani, ambapo chini yako reli zinakatana kwa wingi mpaka macho yanachoka. Yaani huyu mtu aliamka asubuhi, akapanda treni, akafuata reli kwenda kaskazini siku nzima, na nimeshika vipande vya siku yake.

Tangu hapo nikawa nautafuta ule mwandiko. Ukishaujua mwandiko wa mtu, unautambua hata kwenye picha mbaya ya tangazo la mnada, kadi ikiwa imeonekana kona tu. Zimekuja kidogo kidogo, kutoka kwa wauzaji mbalimbali, na sasa nina ishirini na kitu. Peke yake, hakuna hata moja kati yake ambayo mkusanyaji makini angeigombea. Lakini zikiwa pamoja zinasema mambo. Kwamba alifika Newcastle mchana, maana jua limehamia upande wa pili. Kwamba alikaa juu ya mnara muda mrefu, kwa kuwa fremu 15 mpaka 18 zinaonyesha wingu moja likisogea. Kwamba ekspresi yenye msimbo wa 1S iliyopita kwenye 16 ilikuwa inavutwa na Class 47, dizeli ya aina nyingine, mahali ambapo wengi wangetarajia Deltic, naye akaipiga hivyohivyo, bila kinyongo. Na kwamba hakuwa peke yake: fremu ya 20 haina treni. Ni mwanamke wa makamo kwenye benchi la jukwaani, chupa ya chai pembeni, anatazama upande mwingine kabisa kwa uso wa mtu aliyeshasubiri vya kutosha.

Hiyo ya 20 niliipata bure. Muuzaji aliitia kwenye bahasha kama nyongeza, akisema haina treni na alikuwa anaitupa. Wengine wengi wameshatupwa, nina hakika. Akina mama wa mabenchi, watoto waliochoka, gari la familia lililoegeshwa nje ya stesheni, vyote vilikuwa ndani ya mikanda hii, na vyote vinatolewa kwanza kabla ya mnada kwa sababu mteja ametafuta kwa jina la kichwa cha treni. Nikipata boksi zima ambalo halijaguswa, hata kama nusu yake ni bustani ya maua ya mtu, nalinunua, na siondoi kitu. Nina mikanda kamili kadhaa ya namna hiyo. Ni slaidi za bei rahisi kuliko zote nilizonazo, na ndizo ambazo nyumba ikishika moto nitatoka nazo.

Kwa wanaotaka kuanza, au wenye viboksi vya wazee wao Nairobi, Tanga au Kampala: adui mkubwa ni unyevu. Kuvu hula gelatini ya filamu, na akishaanza anachora mizizi juu ya picha ambayo hairudi. Joto na chumvi ya Mombasa vingemaliza mkusanyo huu upesi, kwa hiyo ukiwa pwani tafuta chumba kikavu na boksi linalofunga, na pakiti za kunyonya unyevu. Slaidi zilizotiwa vioo pande mbili zinaonekana salama, lakini kioo hufungia unyevu ndani, mimi huzitoa. Mifuko laini ya plastiki ya PVC, ile inayonuka, inagandana na filamu, itupe. Kwenye skana, ujue kwamba kile kifaa cha kuondoa vumbi kwa miale isiyoonekana kinachanganyikiwa na Kodachrome, kinaona picha yenyewe kama vumbi na kuanza kuifuta. Kizime, usafishe kwa brashi na subira. Na usifute wala kubadilisha kadi, hata ikiwa imechakaa vipi. Ukiitoa filamu kwenye kadi yake umeua nambari ya fremu, mwandiko na tarehe kwa pamoja.

Jambo lingine ambalo watu hawalijui: ukinunua slaidi hununui haki ya kuichapisha. Hakimiliki inabaki kwa aliyepiga na warithi wake, na kwa Uingereza ni miaka 70 baada ya kifo chake. Ndiyo sababu makala hii haina picha hata moja, na msinitumie ujumbe kuniuliza iko wapi ile ya Alycidon.

Ule mkanda wa Julai 1975 haujakamilika, na najua mahali ilipo fremu moja ninayoitaka. Ni ya 19. Anayo mzee mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye hukusanya kwa namna nyingine kabisa: yeye anataka kila Deltic mara moja, slaidi moja bora kwa kila nambari, 22, basi. Fremu ya 19 ni Deltic yake bora ya nambari fulani, na hataki kuitoa. Nimemwonyesha zile nyingine zikiwa zimepangwa mezani kwake, kuanzia Doncaster asubuhi mpaka benchi la mwanamke wa chai, na pengo katikati. Akavaa miwani, akazitazama zote kwa zamu bila haraka, akakubali kwamba ni siku moja ya mtu mmoja. Kisha akachukua 19 yake akairudisha boksini, kati ya Deltic ya 1966 na nyingine ya 1981, akafunga kifuniko. Akaniambia niipige skana, haina neno. Nikamwambia skana si kitu chenyewe, naye anajua. Akasema anajua, ndiyo maana haniuzii.

Tunaendelea kubishana. Mwezi ujao anakuja kwangu, na nimeshamwambia aje na lile boksi.